Mtoto Anayelala Kinywa Wazi

Usiku wa leo watoto wakishalala, hebu wasikilize. Je, yupo anayekoroma kama mtu mzima? Je, analala kinywa wazi, pumzi inakatika kidogo, kisha anashtuka? Mtoto wa namna hiyo huamka amechoka, na darasani husinzia. Mwalimu humwita mvivu. Si mvivu. Hakupata usingizi.

Hapa kwetu Mtawanya wapo wanaosema, "Huyo ana kimeo," kisha humpeleka kwa mkataji. Kimeo ni kinyama kidogo kinachoning'inia kooni. Kila mtu anacho. Mtoto akikatwa anaweza kutoka damu nyingi, na kisu kichafu huleta pepopunda. Wapo watoto waliokufa kwa kukatwa kimeo. Na kile kilichoziba pumzi kinabaki palepale.

Mara nyingi kinachoziba ni nyama zilizo nyuma ya pua. Nyama hizi huwa kubwa zaidi mtoto akiwa na miaka 3 hadi 7, baadaye hunywea. Zikiziba njia, mtoto hupumua kwa mdomo. Akipumua hivyo miaka mingi, taya la juu linaweza kukua likiwa jembamba, na meno yakabanana.

Hapo ndipo waganga wa meno huweza kutumia kifaa cha taya. Gusa kaakaa lako kwa kidole. Dari hiyo ya kinywa ndiyo sakafu ya pua. Kwa mtoto, mifupa miwili ya kaakaa bado haijashikana sawasawa katikati. Mganga hufunga kifaa chenye skrubu kwenye meno ya juu. Mzazi huizungusha kidogo kidogo, kama robo ya milimita kila mara. Taya hupanuka, na njia ya pua iliyo juu yake hupanuka pia. Kwa mtu mzima mifupa imekwisha kushikana, na kazi huwa ngumu. Kipo pia kifaa cha kusogeza mbele taya la chini lililo fupi. Ulimi husogea pamoja nalo, koo likapata nafasi.

Lakini tusidanganyane. Vifaa hivi huwasaidia baadhi ya watoto tu, wala haviondoi nyama za pua. Na mtoto mwenye meno yaliyopinda, lakini anapumua vizuri, hahitaji kifaa kwa ajili ya pumzi.

Waganga wa pua na koo, na wa meno, wapo Muhimbili, Dar es Salaam. Nauli na gharama si kitu kidogo, najua, hasa kabla korosho hazijauzwa. Kwa hiyo anzia zahanati. Mweleze mganga uliyoyasikia: anakoroma siku ngapi kwa wiki, pumzi inakatika au la. Kama una simu, mrekodi akiwa amelala. Ila mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usingoje asubuhi.