Shujaa naye huogopa kifo: Funzo la Gilgamesh

Mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniuliza majuzi iwapo alikosea kumnyima alama mwanafunzi aliyeandika kwamba shujaa wa utendi anaweza kuwa na woga. Jibu alilolitarajia ni lile tulilokaririshwa sote: shujaa ana nguvu zisizo za kawaida, asili yake ni ya kimiujiza, na haogopi kifo. Nilimwambia amrudishie mtoto wa watu alama yake. Sababu nilizompa ndizo ninazozieleza leo.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. ‘Shujaa’ tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu jasiri. Kwa hivyo tukishamwita mhusika mkuu wa utendi ‘shujaa’, tumekwisha kumfunga: lazima awe jasiri mwanzo hadi mwisho. Utendi wa Gilgamesh, mojawapo ya tendi kongwe zaidi duniani, unakataa kifungo hicho.

Gilgamesh anasimuliwa kama mfalme wa Uruk, mji wa Mesopotamia ambao magofu yake yako kusini mwa Iraki ya leo. Toleo linalosomwa zaidi limeandikwa kwa Kiakadi kwenye vibao 12 vya udongo. Vipande vyake vingi vilifukuliwa katika karne ya 19 kwenye magofu ya Nineveh, ilikokuwa maktaba ya mfalme Ashurbanipal.

Mfalme huyu, theluthi mbili mungu na theluthi moja binadamu, aliwaonea raia wake hadi wakalia kwa miungu. Miungu ikamfinyanga Enkidu, mtu wa mwituni aliyekula nyasi pamoja na swara, awe wa kumtoshea. Wawili hao walipigana mieleka mlangoni, kisha wakawa marafiki wa kufa kuzikana. Walikwenda pamoja kwenye msitu wa mierezi wakamuua Humbaba, mlinzi wake. Waliporudi wakamuua Fahali wa Mbinguni.

Hebu tuzingatie jambo moja hapa. Kabla ya safari ya msituni, aliyesitasita ni Enkidu. Gilgamesh alikidharau kifo. Kwake, siku za binadamu zina hesabu, na akianguka vitani, jina lake litabaki. Huyo ndiye shujaa wa vitabu vyetu vya kiada. Lakini alikuwa bado hajafiwa.

Miungu ikaamua kwamba mmoja wao lazima afe. Enkidu akaugua siku 12, akafia kitandani huku akisikitika kwamba hakufia vitani. Gilgamesh alikataa kumzika. Alimlilia siku sita mchana na usiku saba, mpaka funza akadondoka kutoka puani mwa rafiki yake. Hapo ndipo alipoamini. Na hapo ndipo alipoogopa.

Akavaa ngozi, akazurura nyikani akiusaka uhai wa milele. Siduri, mwanamke mwuza pombe (mama pima, tungemwita huku kwetu), alimshauri katika toleo la kale arudi nyumbani ale, acheze, amshike mtoto mkono na amfurahishe mkewe. Hakusikia. Alipomfikia Utnapishtim, aliyeokoka gharika, alipewa mtihani wa kukesha siku sita na usiku saba. Usingizi ukamchukua papo hapo. Hata mmea wa kurejesha ujana aliouzamia majini uliibwa na nyoka alipokuwa akioga. Akaketi, akalia.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo nilipousoma utendi huu mara ya kwanza, nikiazimana nakala moja na rafiki yangu. Wakati huo tulibishana kuhusu Humbaba na Fahali tu. Miaka baadaye nilisimama kando ya kaburi lake, na mzee mmoja akaninong’onezea: “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Nilijikaza. Hadi leo sijui nilimfaidi nani. Niliporudi kwenye kitabu, nilikuta kwamba mfalme wa Uruk hakujikaza hata kidogo, na hakuna mahali msimulizi anapomvua ushujaa wake kwa sababu hiyo.

Mwishoni Gilgamesh anarudi Uruk mikono mitupu. Anamwonyesha Urshanabi, mpiga kasia aliyefuatana naye, ukuta wa mji: matofali yake, misingi yake. Na utangulizi wa utendi unatuambia kwamba taabu zake zote alizichonga kwenye jiwe. Zote, ikiwemo hofu yake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ushujaa wake. Kumuua Humbaba kulihitaji nguvu, nazo alizaliwa nazo. Kurudi nyumbani bila alichokitafuta, na kuwaachia watu habari ya jinsi alivyolia na kuogopa, kulihitaji kitu kingine ambacho kabla ya kumpoteza Enkidu hakuwa nacho. Mwanafunzi yule alistahili alama yake.