Mlima wa Tanzania, Picha ya Kajiado, Jina la Wamaasai

Mataifa yanayoshindana kibiashara hugombania mali za aina mbili zisizoshikika kwa mkono: miliki ubunifu, yaani haki ya kisheria juu ya jina, nembo, mtindo au uvumbuzi uliotokana na akili ya mtu au ya jamii, na sifa njema mbele ya wageni, ambayo hujengwa kwa habari na kubomolewa kwa propaganda, yaani maneno na picha zinazoenezwa makusudi ili watu waamini upande mmoja. Kaunti ya Kajiado, inayoanzia Embulbul na Ngong pembezoni mwa Nairobi na ambayo barabara yake kuu hupita Kitengela hadi mpakani Namanga, ni mahali pazuri pa kuutazama ugomvi huo, kwa sababu Kenya na Tanzania zimegombania hapo mlima, watalii na, kwa namna isiyosemwa sana, sura ya Mmaasai.

Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, uko wote ndani ya Tanzania, na umewekwa upande huo na mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walianza kuuchora kwa makubaliano ya mwaka 1886. Hata hivyo, ile picha inayojulikana duniani kote, ya tembo wakitembea huku theluji ikionekana nyuma yao, kwa kawaida hupigwa Amboseli, ndani ya Kajiado. Hakimiliki ya picha hiyo ni ya aliyeipiga wala si ya nchi yoyote, na jina la mlima haliwezi kusajiliwa kirahisi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja, kwa kuwa alama ya biashara hutolewa ili kutofautisha bidhaa ya mfanyabiashara mmoja na ya mwingine. Ndiyo maana Watanzania, walioudhika kwa miaka mingi na matangazo yanayomfanya mtalii adhani kuwa mlima uko Kenya, hawakuwa na kesi ya maana ya kupeleka mahakamani, na nchi yao ikachagua kujitangaza ng'ambo kuwa ni nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti. Njia hiyo ni ya busara kuliko kulalamika, kwa maana dai la kupotosha hudhoofishwa na ukweli unaorudiwa mapema na mahali pale pale linaposomwa.

Ushindani huo haukuwa wa matangazo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania, iliyolalamika kuwa magari ya Nairobi yalikuwa yakiingiza watalii Serengeti na kurudi na fedha Kenya, ilifunga mpaka, ukiwemo wa Namanga, hadi mwaka 1983, na maneno makali yakavuka mahali ambapo watu hawakuruhusiwa kuvuka: upande wa Tanzania mabepari wa Kenya waliitwa manyang'au, na upande wa Kenya ujamaa ukadhihakiwa kuwa ni siasa ya watu wasio na cha kula. Desemba 2014 mzozo ulizuka tena, Kenya ilipoyazuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Katika mabishano yote hayo nchi zote mbili zimejipamba kwa picha ya Mmaasai mwenye shuka na shanga, na wafanyabiashara wa mbali wamefanya vivyo hivyo: viatu vya Uswisi vya MBT vilichukua jina la Wamaasai, na Louis Vuitton ilionyesha mavazi ya wanaume ya mwaka 2012 yaliyofuata mtindo wa shuka. Ulinzi wa kawaida hausaidii sana hapa, kwa sababu hakimiliki humtafuta mtunzi mmoja anayejulikana na hulinda kwa muda maalumu, ilhali mpangilio wa rangi za shanga ni wa vizazi vingi. Kwa hiyo wazee wa pande zote mbili za mpaka waliunda chombo chao cha kulinda miliki ubunifu ya Wamaasai, wakisaidiwa na shirika la Light Years IP la Marekani, na kampuni ya Uingereza ya Koy Clothing ikakubali kulipa ada ya leseni.

Kenya, kwa upande wake, ilijifunga katika ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 kutunga sheria ya kuzilipa jamii utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikatunga Sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayomtaka mtumiaji apate kwanza ridhaa ya jamii husika. Udhaifu wake uko wazi kwa yeyote anayesimama Namanga: sheria ya Kenya haivuki mpaka, ilhali jamii yenyewe iko pande zote mbili. Mkataba wa Swakopmund wa mwaka 2010, uliotungwa chini ya ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu barani Afrika, unatambua maarifa yanayomilikiwa na jamii za nchi zaidi ya moja, lakini kutambua si kugawana. Na ili kugawana kwa haki, ingefaa kwanza ijulikane kila upande una watu wangapi: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wamaasai 1,189,522. Lakini Tanzania haijawauliza wananchi kabila lao katika sensa tangu ile ya mwaka 1967.