Bati Halielei Juu ya Risasi

Kwa wapiga shabaha wa Marekani, ambako kusubu vichwa vya risasi nyumbani, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu ili kupata kile kipande kinachotoka mtutuni, ni burudani halali ya siku nyingi (Tanzania na Kenya kufanya hivyo bila leseni ni jinai), liko swali lisilochoka kuulizwa: chungu kikorogwe mara ngapi ili bati lisipande juu na vichwa vipate kulingana uzito? Waliolijibu wametaja idadi za kila namna bila kwanza kuuliza kama bati hupanda kweli, na matokeo yake ni kwamba dhana isiyo na mashiko imepewa hadhi ya kanuni ya ufundi. Anayeliuliza hahitaji kupewa idadi. Anahitaji kuambiwa kwamba swali lenyewe halina msingi.

Hoja ya wanaoamini jambo hili ni nyepesi kueleweka, na pengine ndiyo sababu imeenea. Risasi, kwa maana ya ile metali laini ya kijivu, ina gramu 11.34 katika kila sentimita moja ya ujazo, ilhali bati lina gramu 7.3 hivi na antimoni, ambayo huongezwa ili kuifanya aloi iwe ngumu, ina gramu 6.7 hivi, basi, wanasema, kilicho chepesi lazima kielee. Wanachosahau ni kwamba aloi iliyoyeyuka kabisa ni myeyusho, ambamo atomi za bati zimesambaa katikati ya atomi za risasi na zinasukumwa huku na huko na joto kwa nguvu ambayo mvuto wa dunia, katika kina cha chungu cha jikoni, hauwezi kuishinda. Chumvi nayo ni nzito kuliko maji, lakini ikishayeyuka haizami ikaacha maji matamu juu. Kujitenga kunawezekana pale tu moto unapopungua kiasi cha sehemu ya aloi kuanza kuganda na chungu kugeuka ujiuji, na hapo dawa ni kuongeza moto, si mwiko.

Ajabu ni kwamba ipo metali inayofanya hasa kile ambacho bati husingiziwa, nayo ni zinki, ambayo risasi hukubali kuyeyusha kiasi kidogo tu na ziada yote hupanda juu. Ni kwa tabia hiyo kwamba Alexander Parkes wa Uingereza alipata hataza mwaka 1850 ya kutoa fedha ndani ya risasi, kwa kuwa zinki huinasa fedha na kuelea nayo. Wasubuji wanaookota vile vipande vinavyobanwa kwenye ringi za magari ili kusawazisha magurudumu, ambavyo baadhi siku hizi ni vya zinki, wangefanya vyema kuhamishia wasiwasi wao huko.

Kwa nini basi macho ya watu wazima yanaona bati likielea? Wanachokiona ni utando wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni ya hewani, na kwa kuwa bati hushika oksijeni upesi kuliko risasi, utando huo hubeba bati kwa uwiano mkubwa kuliko aloi iliyo chini yake. Wapiga chapa waliotumia mashine za Linotype za kusubu mistari ya herufi, ambazo aloi yake ilikuwa na takriban asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni na 4 ya bati, na ambazo chungu chake kilikaa motoni kutwa nzima, walilijua hilo vizuri: hawakukesha wakikoroga, bali waliongeza mara kwa mara metali yenye bati na antimoni nyingi ili kufidia kilichoondoka pamoja na utando. Anayekoroga kwa bidii anaileta metali mpya hewani, anazalisha oksidi nyingi zaidi, kisha anaisukuma taka hiyo chini, ambako huingia katika vichwa. Dawa inazalisha ugonjwa ule ule unaodaiwa kutibiwa.

Hata hesabu ndogo ingetosha kuumaliza ubishi. Kalibu inayotoa kichwa cha greni 200 kwa risasi tupu (greni ni kipimo cha miligramu 64.8) itatoa greni 198 hivi kwa aloi yenye asilimia 2 ya bati, na ili uzito huo upande kwa greni 1 tu, karibu nusu ya bati lote lingepaswa kutoweka chunguni. Tena badiliko la namna hiyo lingekuja polepole na kwa upande mmoja, kikao chote. Msubuji ambaye kichwa chake cha kumi ni kizito, cha kumi na moja chepesi na cha kumi na mbili kizito tena, hana tatizo la aloi. Ana tatizo la mkono, la joto la kalibu, au la mizani.

Hapa ndipo linapoingia kosa la pili, la kutaka kiwango kimoja cha tofauti kinachoruhusiwa juu na chini ya wastani, kana kwamba pande hizo mbili ni sawa. Kalibu iliyojaa barabara haina pa kupokea zaidi, kwa hiyo vichwa vizito kupita kiasi ni vichache na kwa kawaida hutokana na nusu mbili za kalibu kutofungana vyema. Vyepesi ndivyo vyenye siri. Greni 1 inayopungua ni sawa na tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 2 na ushei, lililofichika ndani ya kipande kinachozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na likiwa kando ya mhimili huyumbisha kichwa angani. Lakini mizani haioni kila kitu: kichwa chenye uzito kamili kinaweza kuwa na kitako kilicholegea pembezoni, na Franklin Mann wa Massachusetts, katika kitabu chake cha mwaka 1909, alikwisha kuonyesha, kwa kufyatua vichwa alivyoviharibu makusudi, kwamba dosari ya kitako hupotosha shabaha kuliko dosari ya ncha.

Yanayobaki ni machache. Metali yote ya kikao iyeyushwe kwa mkupuo mmoja. Joto liwe kati ya nyuzi 370 na 400 za Selsiasi kwa aloi nyingi. Kipande cha nta kitupwe juu ili kurudisha oksidi kuwa metali, na kinachosalia kienguliwe. Mmiminiko uende kwa mwendo usiobadilika, na vichwa vya mwanzo, vilivyotoka kalibu ikiwa baridi, virudishwe chunguni. Jicho litangulie mizani, na kitako kisicho na ukingo mkali kikataliwe hata kabla ya kupimwa. Mizani ikaguliwe kwa jiwe la uzito unaojulikana, mbali na feni, kisha vichwa vipimwe kwa mfuatano wa kusubiwa na uzito uandikwe, maana mfuatano ndio unaofichua kalibu ilipopoa. Mkia wa vyepesi ukatwe, na vilivyobaki viachwe vilivyo, bila kugawanywa kwa sehemu za kumi za greni. Tone la maji lisikaribie chungu. Mlango uwe wazi, mikono ioshwe kabla ya kula, na glasi ya maziwa, ambayo wengi Afrika Mashariki huiamini kuwa huosha sumu, haiondoi risasi iliyokwisha kuingia katika damu na mifupa. Anayetaka kujua kiasi chake apimwe damu.