Harusi Musoma, picha mtandaoni: Mpiga picha achague huduma ipi?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

WAPIGA picha wa Musoma, Bunda na Butiama wamerithi kazi ambayo zamani ilikwisha pale mteja alipokabidhiwa bahasha ya picha na kumaliza deni lake. Siku hizi harusi ikifungwa Jumamosi, Jumapili asubuhi shangazi aliyeko Dar es Salaam, kaka aliyeko Mwanza na binamu aliyeko Muscat wote wanauliza jambo moja: picha ziko wapi?

Swali hilo ndilo lililozaa soko zima la huduma za kufikisha picha kwa wateja kupitia mtandao wa intaneti. Huduma hizo ni nyingi, na karibu zote zimebuniwa kwa ajili ya wapiga picha wa Marekani na Ulaya, ambako umeme haukatiki katikati ya kazi na mteja halipi kwa Airtel Money. Kwa mwenye studio ndogo ya Mukendo au Nyasho uchaguzi huu una gharama. Akikosea anaweza kupoteza fedha za vifurushi, kupoteza mteja, au kupoteza picha zenyewe, na harusi hairudiwi kwa ajili ya kupiga picha upya.

Wengi huanza na WhatsApp kwa sababu kila mteja anayo. Tatizo ni kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili ipite haraka, na picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 10 inaweza kumfikia mteja ikiwa na kilobaiti mia kadhaa tu. Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani. Huonekana pale mama wa bibi harusi anapotaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, na fundi wa kuchapa anapomweleza kwamba picha aliyonayo haifai. Hapo lawama humrudia mpiga picha.

WhatsApp iliongeza mwaka 2023 uwezo wa kutuma picha zenye ubora wa juu zaidi, na tangu mwaka 2022 inaruhusu faili la hadi gigabaiti 2 kutumwa kama waraka, njia ambayo haiibani picha. Hata hivyo, kumwaga picha 600 katika kundi la kamati ya harusi, ambalo bado linadaiana michango, si kufikisha kazi. Nusu ya wajumbe watazifuta ili kuokoa nafasi ya simu zao, na bibi harusi atamwomba mpiga picha azitume tena.

Hesabu kabla ya huduma

Kabla ya kulinganisha majina ya kampuni, mpiga picha anapaswa kupiga hesabu moja ambayo wauzaji wa huduma hizo hawaizungumzii sana. Chukua harusi ya picha 600 zilizokwisha kusafishwa, kila moja ikiwa na megabaiti 10. Jumla ni takriban gigabaiti 6. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti, na baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo mzigo huo ni megabiti 48,000. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, kazi itachukua saa mbili na dakika 40. Kwa kasi ya megabiti 2 itachukua saa sita na dakika 40, umeme usipokatika.

Ikumbukwe pia kwamba kasi inayotangazwa na kampuni za simu kwa kawaida ni ile ya kupakua. Ya kupakia mara nyingi iko chini yake, na ndiyo anayoihitaji mpiga picha. Kuipima ni kazi ya dakika moja kwa tovuti za kupimia kasi, na inafaa ipimwe mchana na usiku, kwa kuwa matokeo yanaweza kutofautiana sana.

Sasa punguza ukubwa wa picha zile zile hadi nukta 2,048 kwa upande mrefu. Kila moja itakuwa na takriban megabaiti 1, na harusi nzima megabaiti 600. Kwa kasi ile ile ndogo ya megabiti 2, zitapanda kwa dakika 40. Picha ya ukubwa huo inatosha kuchapa nakala ya albamu ya inchi 6 kwa 4 na inang'aa vizuri kwenye simu. Mteja akitaka ya ukutani, picha yake kamili hutolewa peke yake. Hesabu hiyo humsaidia mteja pia: ndugu 50 wakipakua albamu nzima ya gigabaiti 6, ukoo utakuwa umetumia gigabaiti 300 za vifurushi kwa harusi moja.

Picha mbichi, yaani mafaili makubwa ambayo kamera huyahifadhi kabla ya kusafishwa, zisiingizwe katika hesabu hii kabisa. Picha 2,000 za aina hiyo, kila moja ikiwa na megabaiti 25, hufika gigabaiti 50. Mahali pake ni kwenye diski ya nje iliyoko studio, na nakala nyingine katika diski ya pili iliyoko nyumbani.

Wasafirishaji na watunzaji

Huduma zenyewe zinatofautiana kwa kile zinachoahidi. Ziko zinazosafirisha faili na kulisahau. WeTransfer, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2009, ni maarufu katika kundi hilo: mpiga picha anapakia, anapata kiungo, anamtumia mteja. Kwa miaka mingi akaunti ya bure iliruhusu gigabaiti 2 na kiungo kiliishi siku saba. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na Bending Spoons ya Italia, na mwishoni mwa mwaka huo masharti ya bure yakabadilishwa na kuwa gigabaiti 3 na mara 10 kwa mwezi, huku muda wa kiungo ukipunguzwa hadi siku tatu. Kwa mteja aliyeko ofisini Oslo siku tatu zinatosha. Kwa bibi harusi aliyekwenda ukweni Tarime na kurudi baada ya wiki, hazitoshi, na atakuta kiungo kimekufa.

Ziko zinazotunza. Dropbox hutoa gigabaiti 2 za bure, kiasi ambacho hakifikii hata harusi moja isiyopunguzwa ukubwa. Google hutoa gigabaiti 15, nazo huchangiwa na Drive, Gmail na Google Photos kwa pamoja. Jambo hilo hunasa watu wengi: nafasi ikijaa, barua pepe hukoma kuingia, na mpiga picha asiyejua anaweza kukaa wiki akidhani wateja wamempotea. Faida ya huduma hizi ni kwamba programu zake za kompyuta huendelea kupakia kutoka pale zilipoishia umeme ukirudi, wakati kupakia kupitia kurasa za tovuti mara nyingi huanza upya.

Kundi la tatu ni albamu za mtandaoni zilizotengenezwa mahususi kwa wapiga picha, kama Pixieset ya Canada, Pic-Time na ShootProof. Mteja anapata ukurasa mzuri wenye jina lake, neno la siri, na uwezo wa kuchagua picha anazozipenda ili zichapwe. Uwezo huo wa kuchagua una thamani kubwa kuliko unavyosifiwa, kwani humwondolea mpiga picha zile simu za "ile ya tatu kutoka mwisho, niliyovaa kilemba". Akaunti ya bure ya Pixieset ina gigabaiti 3, ambazo kwa picha zilizopunguzwa ukubwa hubeba harusi nne au tano kwa wakati mmoja.

Kampuni hizo husifu pia duka la ndani, ambamo wageni hununua nakala za picha moja kwa moja. Kwa Musoma, kifungu hicho kinaweza kurukwa. Maabara zinazochapa ziko ng'ambo, malipo hupitia mifumo kama Stripe na PayPal, na Pixieset hukata asilimia 15 ya mauzo kwa mwenye akaunti ya bure. Mgeni wa Mwigobero anayetaka nakala atapiga simu, atalipa kwa simu, na picha itachapwa hapa hapa au Mwanza. Hakuna sababu ya kulipia kila mwezi duka ambalo hakuna mteja atakayeingia.

Malipo ya huduma yenyewe hufanywa kwa kadi na kwa dola. Kadi za benki zilizofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni hukubaliwa, na hata kadi za kidijiti zinazotolewa na kampuni za simu. Cha kuangaliwa ni kwamba bei hupanda na kushuka kwa shilingi hata kama kwa dola haijabadilika, na kwamba tangu Julai 2022 huduma za kidijiti za kampuni za nje zimewekewa utaratibu wa kutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Akaunti ikikosa fedha siku ya kukatwa, albamu za wateja zinaweza kufungwa.

Ghala likifungwa

Hatari kubwa zaidi haimo katika bei. Oktoba 2008 kampuni ya Marekani ya Digital Railroad, iliyokuwa ikihifadhi na kuuza picha za wapiga picha wa kulipwa, ilifilisika na kuwapa wateja wake saa 24 kuondoa picha zao. Ambaye hakuona tangazo siku hiyo alichelewa. Yahoo Photos ilifungwa mwaka 2007, Kodak Gallery mwaka 2012, na Picasa ya Google mwaka 2016. Photobucket mwaka 2017 ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa waliotaka picha walizohifadhi humo ziendelee kuonekana katika tovuti nyingine. Flickr, iliyokuwa ikitoa terabaiti nzima bure tangu 2013, ilinunuliwa na SmugMug mwaka 2018 na akaunti za bure zikawekewa kikomo cha picha 1,000. Google Photos nayo iliacha kuhifadhi bila kikomo Juni 1, 2021.

Kampuni hizo hazikuwa za mitaani. Kodak ndiyo iliyokuwa katika bahasha za picha za kila ukoo wa Mara. Mpiga picha anayefuta memori kadi na diski kwa sababu "picha ziko mtandaoni" amekabidhi urithi wa wateja wake kwa mtu asiyemjua.

Mtandao wenyewe nao hukatika. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo flashi iliyotumwa kwa basi la Mwanza hufika kabla ya huduma yoyote ya Vancouver, na studio yenye busara huendelea kumkabidhi kila mteja flashi yake pamoja na kiungo.

Sura za watu ni taarifa zao

Jambo ambalo bado linachukuliwa kirahisi ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawagusa wanaokusanya na kuhifadhi taarifa zinazomtambulisha mtu, na inawataka wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo ina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na seva za huduma zote zilizotajwa ziko nje. Taarifa zinazohusu watoto zimo katika kundi la taarifa nyeti. Picha za ubatizo, kipaimara na mahafali ya shule ya awali zimejaa watoto, na albamu isiyo na neno la siri inaweza kufunguliwa na yeyote aliyepata kiungo.

Masharti ya kampuni yasomwe pia, hasa kifungu kinachoeleza inachoruhusiwa kufanya na picha zilizopakiwa. Julai 2025 WeTransfer ililazimika kuandika upya masharti yake baada ya watumiaji kuyaelewa kuwa yanairuhusu kufundishia akili bandia kwa mafaili yao. Kampuni ilikana kuwa na nia hiyo, lakini kelele ilikuwa kubwa kiasi cha kubadili maneno.

Kwa studio inayopiga harusi mbili au tatu kwa mwezi, mpangilio unaoelekea kufaa ni huu: picha kumi za haraka kwa WhatsApp usiku ule ule ili shangazi atulie, albamu ya mtandaoni yenye neno la siri kwa picha zilizopunguzwa ukubwa, flashi ya picha kamili mkononi mwa mteja, na diski mbili zinazobaki kwa mpiga picha. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme albamu itakaa hewani kwa muda gani, nani ana hakimiliki, kama picha zinaweza kutumika kutangaza studio, na nakala kamili zitatunzwa kwa miaka mingapi.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, albamu ya majaribio yenye picha 50 ipakiwe na kufunguliwa kwa simu ya bei nafuu iliyo nje ya mji, Butiama au Bunda vijijini, kwa kifurushi cha kawaida. Ikichukua zaidi ya dakika moja kuonyesha picha ya kwanza, mteja ataifunga na kumpigia simu mpiga picha.