Utando unaonasa chuma kwenye maji

Kishushe, Taita Taveta, inajulikana kwa machimbo ya chuma. Mvua ikinyesha na makorongo yakashusha maji mekundu, wengi husema maji yameingia chuma. Kimeingia kweli, ila kingi ni vumbi la udongo na mawe linaloelea. Yaache maji kwenye ndoo usiku kucha, litatuama. Mawe yenyewe, hematiti na magnetiti, hayayeyuki kirahisi katika maji yenye hewa. Chuma cha kupimwa ni kile kilichoyeyuka chini ya ardhi pasipo oksijeni. Maji ya kisima cha aina hiyo hutoka maangavu, kisha yakipigwa na hewa hugeuka rangi ya kutu.

Utando wa polima hunasa chuma hicho kilichoyeyuka. Huchukuliwa PVC, plastiki ya mabomba, ikachanganywa katika kiyeyusho pamoja na kilainishi na kemikali inayoshika chuma, ikamwagwa juu ya kioo ikauke. Kemikali iliyozoeleka ni ya jamii ya fenanthrolini: molekuli zake tatu huizingira ioni moja ya chuma, na utando usio na rangi huwa mwekundu wa chungwa. Mwanga wa kijani ukipitishwa hapo, sehemu yake humezwa. Chuma kikizidi, nao humezwa zaidi. Kinachosomwa ni upungufu huo wa mwanga.

Kuna kikwazo. Fenanthrolini inataka chuma ambacho bado hakijashika kutu. Sampuli ikikaa kwenye chupa hadi ifike maabara mjini Voi, hewa huwa imeshakibadilisha, na kipimo kitaonyesha kidogo kuliko kilichomo. Ndiyo maana hutiwa kwanza vitamini C, inayokirudisha katika hali yake ya awali, na asidi ya maji husawazishwa.

Hata hivyo, mimi nisingeanza na chuma. Shirika la Afya Duniani halijakiwekea kikomo cha kiafya. Kikipita miligramu 0.3 kwa lita, kinachoharibika ni ladha na nguo nyeupe. Chuma hujitangaza chenyewe. Ningeanza na risasi: ikiwa majini haina rangi wala ladha, na kiwango chake elekezi ni miligramu 0.01 kwa lita. Utando wa kuinasa ni mgumu zaidi kutengeneza, kwa sababu lazima uipambanue na kalisi na magnesi, ambazo katika maji magumu huizidi maelfu ya mara. Ukionyesha dalili yoyote, sampuli hiyo ipelekwe maabara kabla kisima hakijafungwa.