Njia ya Kurudi Itengenezwe Kabla ya Safari

Msomaji wetu wa Visiwani huenda akauliza: Mungaa inatuhusu nini? Ni nchi ya Wanyaturu, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, katikati ya bara, mbali kabisa na bahari. Lakini tuseme asubuhi moja mtumishi wa ofisi ya umma huko anawasha kompyuta, nayo inagoma. Jana yake iliingizwa programu mpya ya kuendeshea printa. Leo kioo ni cheusi. Wananchi wamejipanga nje, na fundi hana budi kutoka mjini. Hali hiyo haina tofauti na ya ofisi ya Kojani au Tumbatu inayosubiri fundi avuke maji. Umbali ni umbali, uwe wa nchi kavu au wa bahari.

Dawa ya maradhi haya si ngeni. Tangu mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ilianza kuweka ndani ya mfumo wake wa Windows njia ya kuirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa nayo ilipokuwa nzima. Mashine huchukua kumbukumbu ya mipangilio yake na ya mafaili yanayoiendesha, ikaitia tarehe na kuiweka akiba. Mambo yakiharibika, mtumiaji huchagua tarehe ya kabla ya balaa, na mfumo hurudi ulikotoka. Barua, picha na hesabu zake haziguswi. Zinazoondoka ni programu zilizoingizwa baada ya tarehe hiyo. Hata mashine iliyoshindwa kuwaka mara kadhaa huweza kufungua ukurasa wa matengenezo, na njia hii ikapatikana humo.

Hapa ndipo penye uzito wa neno letu. Hakuna awezaye kurudi kwenye siku ambayo haikuwekewa kumbukumbu. Katika kompyuta si chache ulinzi huu huwa umezimwa, na mwenye mashine hulijua jambo hilo siku ya msiba. Watu wa Unguja wanalielewa somo hili kuliko wengine, maana walikaa bila umeme wa kutoka bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuwa waya wa baharini ulikuwa mmoja tu.

Wala wakubwa wa dunia hawakusalimika. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro, na Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilikwama na hospitali zikataabika. Kampuni iliondoa faili hilo kabla ya saa moja na nusu kupita, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mkono wa mtu, moja baada ya moja. Asiye na mtu karibu alisubiri.

Na sisi Tanzania tunayo historia yetu. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965. Jaribio la kuzitia hesabu za Serikali katika mashine halikufanikiwa, zikarudishwa kwenye utaratibu wa zamani, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mengi yamesemwa juu ya uamuzi huo. Sisi tunaokota jambo moja tu: utaratibu wa zamani ulikuwepo ulipohitajika. Leo shughuli nyingi za umma zimeyaacha madaftari, na karani anayeweza kuyarudia ni adimu. Kwa hiyo njia ya kurudi sharti iwekwe makusudi.

Tunatoa wito kwa viongozi wahusika, wa Bara na wa Visiwani. Kompyuta ya umma isitoke ghalani kabla ulinzi huu haujawashwa. Kumbukumbu ichukuliwe kila kabla ya kuingiza programu mpya. Na katika kila ofisi, hata iliyo mbali kuliko zote, mtumishi mmoja afundishwe kuirudisha mashine mwenyewe, asiachiwe fundi wa mjini peke yake. Kazi hiyo hujifunzwa kwa siku moja.

Tusidanganyane, hata hivyo. Njia hii haifufui diski iliyokufa, wala si tiba ya kutegemewa ya virusi. Nakala za nyaraka hazina budi kuwekwa pia mahali pengine, nje ya mashine.

Gharama ya haya yote ni ndogo mno ikilinganishwa na siku moja ya mama aliyetembea tangu alfajiri kufuata cheti cha mwanawe, akaambiwa arudi wiki ijayo kwa kuwa mashine imegoma. Mama huyo yuko Mungaa; yuko na Pemba pia. Anayo haki ya kuhudumiwa siku hiyo hiyo.