Shahidi Mkweli Anayekosea: Gwaride la Utambuzi katika Sheria na Fiqhi

  

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Wail bin Hujr (r.a) kisa cha mwanamke aliyetoka kwenda kuswali katika zama za Mtume (s.a.w), akavamiwa njiani na mtu akamnajisi. Katika mapokezi ya Nasai imetajwa kuwa ilikuwa giza la alfajiri. Alipopiga ukelele yule mtu akakimbia. Akapita mtu mwingine, mwanamke akasema ni huyu. Kundi la Muhajirina likamfuata yule aliyedhaniwa, likamkamata na kumleta mbele yake, naye akasema: naam, ndiye. Wakampeleka kwa Mtume (s.a.w). Ilipofika kutolewa amri juu yake, akainuka mtu mwingine kabisa akakiri kuwa yeye ndiye aliyetenda. Mtume (s.a.w) akamwambia mwanamke aende zake, Mwenyezi Mungu amemsamehe, na yule asiye na hatia akaambiwa maneno mazuri.

Wanavyuoni wamejadili mengi katika kisa hiki, hasa kwa kuwa riwaya zinapishana juu ya yule aliyekiri, alipigwa mawe au hakupigwa. Ibnul Qayyim amelizungumza jambo hilo kwa urefu, na anayetaka amrejee. Sisi tunataka jambo moja tu. Yule mwanamke hakuwa mwongo. Alidhulumiwa kweli, akamwona mtu kwa macho yake, akanyoosha kidole kwa yakini, na bado akakosea.

Katika darsa zetu tunasisitiza sana uadilifu wa shahidi, na ni haki. Lakini uadilifu unatukinga na mwongo, haumkingi mtu na jicho la mkweli lililokosea. Ndiyo maana mafakihi hawakutosheka na kuuliza shahidi ni nani. Waliuliza pia amejuaje. Aya ya 36 ya Suratul Israa imekataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na imetaja usikivu, macho na moyo kuwa vyote vitaulizwa. Ile hadithi mashuhuri ya kumwambia shahidi alitazame jua, kisha ashuhudie kwa uwazi kama huo au aache, isnadi yake ni dhaifu kama alivyobainisha Ibn Hajar katika Bulughul Maram, hivyo tusiitegemee. Maana yake hata hivyo ni sahihi kwa dalili nyingine.

Mahakama za nchi yetu nazo zimelifikia jambo hili. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni katika ushahidi dhaifu kabisa, na mahakama isiutegemee mpaka iondoe kila uwezekano wa kukosea. Ikataja ya kuulizwa: shahidi alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na je, aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo.

Chukueni mfano wa hapa kwetu Iyunga. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbeya haina mchezo. Anayetoka alfajiri kwenda msikitini au kuwahi gari barabarani amejifunika, na anayekutana naye amejifunika vilevile: koti zito, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, shali imepanda hadi mdomoni. Mtu akiporwa hapo kwa panga, ameona nini? Kimo, macho mawili, labda na sauti. Na unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake katika sheria yetu si chini ya kifungo cha miaka 30. Huo ni umri wa mtu mzima unaoning'inia juu ya macho mawili yaliyoonekana gizani.

Hapo ndipo linapoingia gwaride la utambuzi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa polisi uwezo wa kuliandaa, na Amri Kuu za Polisi, namba 232, zinaeleza namna yake. Msingi wake ni wa zamani zaidi, kwani Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizitaja kanuni zake mwaka 1936 katika shauri la Mwango bin Manaa. Mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe mahali pa kusimama, na aweze kubadilisha baada ya kila shahidi. Askari anayepeleleza kesi asiwe ndiye anayeliendesha. Mashahidi wasimwone kabla, wala aliyetoka asizungumze na anayesubiri. Shahidi akitaka kumwona akitembea au kumsikia akisema, basi safu nzima itembee au iseme. Akimtambua, amguse. Na shahidi asiambiwe "mtoe mwizi wako". Aambiwe kuwa ataona watu, na huenda anayemtafuta yumo au hayumo.

Sharti hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, nami naliona kuwa ndilo roho ya gwaride lote. Mtu aliyedhulumiwa akiitwa kituoni, moyo wake umekwisha kumwambia kuwa mwizi amekamatwa. Atatafuta katika safu anayefanana zaidi na aliyemwona, hata kama hayumo. Na akishamchagua, sura ya huyo aliyechaguliwa hukaa akilini mahali pa ile ya kwanza, na kila siku yakini huongezeka.

Marekani, katika jimbo la North Carolina mwaka 1984, mwanafunzi aliyebakwa alijitahidi kwa makusudi kuikariri sura ya aliyemshambulia. Alimchagua Ronald Cotton katika picha, kisha akamchagua katika gwaride. Cotton alikuwa mtu pekee aliyekuwamo katika picha na katika gwaride vilevile. Akahukumiwa mwaka 1985, na mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikathibitisha kuwa mtendaji alikuwa mwingine. Miaka zaidi ya kumi gerezani, na shahidi hakusema uongo hata neno moja.

Je, mafakihi wetu waliliona hili? Waliliona, tena kwa undani wa kushangaza. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho pwani yetu yote imekisoma, imeelezwa kuwa shahidi aliyeona kitendo cha mtu anayemjua kwa jina na nasaba anaweza kumshuhudia hata akiwa hayupo. Asiyemjua jina wala nasaba hashuhudii ila mbele yake, kwa kumwashiria. Na asichukue ushahidi juu ya mwanamke aliyejifunika uso kwa kutegemea sauti yake tu. Tofauti hiyo ndiyo inayofuatwa mahakamani leo: anayemfahamu mtuhumiwa tangu zamani hahitaji gwaride, bali hutakiwa amtaje mapema, asiyemfahamu ndiye anayehitaji. Kwa Wamaliki, Mukhtasar ya Khalil imetaja mashahidi wanaosema wanamjua mwanamke aliyewashuhudisha akiwa amejifunika: wakitakiwa wambainishe, ni juu yao kumtoa miongoni mwa wenzake. Hilo ni gwaride, isipokuwa jina.

Lililo zito zaidi limo katika mlango wa qaif, yaani mjuzi wa kutambua nasaba kwa kutazama viungo. Asili yake ni hadithi ya Bibi Aisha (r.a) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Mujazziz al-Mudliji, aliyeiona miguu ya Zaid na mwanawe Usama, wamefunika vichwa, akasema miguu hii inatokana. Mashafii wameshurutisha qaif awe amejaribiwa. Jaribio lenyewe, kama walivyolieleza wafafanuzi, ni kuonyeshwa mtoto pamoja na wanawake ambao mama yake hayumo, mara tatu, kisha pamoja na wanawake ambao mama yumo. Akipatia katika yote, ndipo kauli yake itegemewe. Katika mara tatu za mwanzo, kupatia ni kusema: hayumo. Wengine katika madhehebu wakaongeza swali kali: je, qaif akishajua kwamba mama huwekwa mara ya nne tu, jaribio lina faida gani? Wakaona bora asiwe na zamu maalumu. Qaif si shahidi, naam. Yeye hutumia ujuzi, na shahidi husimulia alichokiona. Lakini aliyeweka sharti hilo alijua kuwa jicho lisilopewa nafasi ya kusema "hayumo" halijapimwa.

Tukirudi kwenye kisa cha mwanzo, mtuhumiwa aliletwa peke yake, hakuchanganywa na wengine. Pamoja na hayo, waliomkamata walimpeleka kwa mwenye mamlaka ya kuhukumu. Linganisheni na mitaa yetu, ambako mtu mmoja akipaza sauti "mwizi!" tairi na petroli hufika kabla ya swali la kwanza. Hapo hakuna wa kuinuka akasema mimi ndiye.

Sasa imamu anahusikaje? Anahusika kwa sababu kanuni za 1936 zinampa mtuhumiwa haki ya kuwa na wakili au rafiki wakati wa gwaride. Wengi hawana wakili, na rafiki anaweza kuwa imamu wake. Akiitwa aende, na atazame. Kama mtuhumiwa ana ndevu na kanzu, je, waliosimama naye wana ndevu na kanzu, au ni vijana wanane walionyoa wenye fulana? Je, yeye peke yake ndiye aliyevimba uso, au asiye na viatu kwa kuwa ametolewa mahabusu? Je, alipitishwa mbele ya benchi walilokaa mashahidi? Je, shahidi alieleza wajihi wa mtu huyo kwa polisi kabla ya kumwona? Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1942, katika shauri la Mohamed bin Allui, kuwa maelezo hayo ya mwanzo na namna yalivyotolewa ni katika mambo yenye uzito mkubwa kabisa.

Mwisho wa gwaride mtuhumiwa huulizwa kama ameridhika na lilivyoendeshwa, na jibu lake huandikwa katika fomu ya polisi, PF 186. Wengi kwa hofu husema ndiyo. Aliye na la kulalamikia aliseme hapo hapo kwa upole, liandikwe kabla hajatia saini.

Wallahu aalam.